Maji ya Karolini

Kuna asubuhi maji ya mfereji hapa Kitale hutoka yakinuka dawa hadi chai inakataa kuwa chai. Majirani wangu wa ploti husimama milangoni na sufuria zao wakilalamika, na mmoja wao, mwenye mdomo, husema wenye maji wameamua kutufua matumbo tuwe weupe ndani. Mimi silalamiki nao. Hufunga mlango wa jikoni, nikaegemea sinki na kungoja moyo utulie. Harufu hiyo ikinikuta sijajiandaa, vinyweleo vya mikono husimama, na kwa muda mfupi huwa nina hakika kwamba nyuma yangu kuna mtoto wa kike anayengoja kikombe. Nina duka la dawa za mifugo, kutwa nashika vitu vinavyonuka vibaya zaidi ya hapo, na sitishiki na sumu ya kupe wala ya panya. Klorini ndiyo hunishinda, kwa sababu sikuijua kwanza kwa jina hilo. Nilipokuwa mdogo niliijua kwa jina la shangazi yangu aliyekufa.

Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu, na mimba hiyo ilikuwa na matata. Daktari alimwambia alale kitandani mpaka siku zake zifike, asiinue hata kikapu cha sukuma wiki. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, leo yuko Kachibora, kesho haijulikani. Mimi nilikuwa darasa la pili, mdogo wa kujipikia na mkubwa wa kusumbua, basi nguo zangu zikafungwa kwenye mfuko nikapelekwa kwa mama yake Baba, ng'ambo ya Sirisia, kule Bungoma, mahali ambapo lami hukata tamaa na kuuacha udongo mwekundu uendelee peke yake. Bibi huko huitwa kukhu. Kukhu wangu nilikuwa nikimwona Krismasi tu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, mwenye viganja vigumu na macho yanayokutazama muda mrefu kabla hajakujibu. Nilimwogopa kidogo hata kabla ya mambo ya maji.

Nyumbani Kitale, Mama alichemsha maji ya kunywa kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la kuni, na maji hayo yalishika moshi. Nilidhani maji yote ya kunywa duniani yana ladha ya moshi, na kwamba yasiyo na moshi ni ya kuogea. Kwa Kukhu hakukuwa na mfereji wala kuchemsha. Maji yalitoka chemchemi ya bondeni, ambako watu wa kijiji walikuwa wamejenga ukuta wa saruji na kuchomeka bomba la chuma, nayo maji yalitiririka usiku na mchana bila kufungwa. Kando ya ukuta huo, juu ya nguzo, kulikuwa na kisanduku cha plastiki cha rangi ya buluu, kimefungwa kwa kufuli, na chini yake koki ndogo.

Mara ya kwanza nilipokiona kulikuwa na ukungu mzito, ule unaoshuka asubuhi kutoka upande wa Mlima Elgon na kulala mabondeni mpaka jua likasirike. Nguzo haikuonekana. Niliona kichwa cha buluu kimeelea hewani, hakina uso, na wanawake wakikiendea mmoja mmoja na mitungi mitupu. Kila mmoja alifika, akainama mbele yake, akazungusha kitu, kikalia tak, kisha akaenda zake bombani kujaza. Hakuna aliyezungumza alipokuwa pale. Kukhu alikuwa amenitangulia, na mimi nilikuwa na kimtungi changu cha mafuta ya kupikia kilichooshwa. Nikaona njia fupi ya kufika bombani nikaishika.

"Wee mtoto wa Kitale!" Sauti ilitoka kwenye ukungu. Ilikuwa ya Mama Nekesa, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Usipite hivyo tu kama mbuzi. Pitia kwa Karolini kwanza."

"Kwa nani?"

"Kwa Karolini. Si huyo hapo amesimama? Weka mtungi yako hapo chini yake, akutemee kidogo."

Nikaweka mtungi. Mama Nekesa akazungusha koki kwa ajili yangu, na tone zito likaanguka ndani. Harufu ikanipanda puani, kali na baridi, harufu ya shuka za hospitali alikolazwa Mama siku chache kabla sijaletwa huku. Niligeuka kumtafuta Kukhu. Alikuwa amesimama bombani amenipa mgongo.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo utadhani nilikuwa mtoto mjinga. Watu wa kwetu hubadilishana l na r bila kuomba ruhusa. Wali huwa wari, na wakati wa uchaguzi ukiwasikia wakisema wanaenda kula, huwezi kujua kama ni ya debe au ya sahani. Neno klorini lilipoletwa bondeni na watu wa afya lilikuwa gumu kinywani, basi wakalitia a baada ya k likawa kalorini, kisha l na r zikapishana, likawa Karolini. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyesikia kosa. Halafu Kiswahili cha huko hakijali sana kama jambo ni mtu au ni kitu. Mgeni iko, kiti iko, mvua amekuja, sukari amepanda. Kwa hiyo hata sarufi, ambayo mwalimu wangu wa Kitale aliisifia sana, haikunipa msaada wowote. Kila sentensi niliyoisikia kuhusu Karolini ingeweza kuwa ya mtu.

Na Karolini mtu alikuwepo. Nyuma ya nyumba ya Kukhu, kati ya migomba na ua wa vichaka vya mayua, kulikuwa na makaburi mawili. Moja lilikuwa la babu, limejengwa kwa saruji. La pili lilikuwa dogo, la udongo mtupu, fupi kuliko kitanda changu, na juu yake msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe. Siku hizo nilikuwa nasoma kila kitu kilichonipita mbele, pakiti za chumvi, magunia ya mbolea, fulana za watu. Nikasoma msalaba kwa sauti: "Ka-ro-li-ni."

Kukhu alikuwa nyuma yangu na jembe mkononi. Sikujua amefika.

"Huyo ni senge yako," akasema. Senge ni dada ya baba. "Alikuwa rika yako."

"Nini ilimuua?"

Akanitazama kwa yale macho yake ya kuchelewa. Kisha akaenda akaanza kulima mahali palipokuwa pameshalimwa.

Jibu nililipata kwa Mama Nekesa, ambaye hakuwa na uwezo wa kukaa na jambo tumboni. Tulikuwa tumepumzika katikati ya mpando wa kutoka chemchemi, mitungi chini, ngata zetu za majani ya mgomba mikononi. "Senge yako ni maji ilimmaliza," akasema. "Wakati hiyo tulikuwa tunakunywa tu vile maji imetoka. Tumbo ikamshika, akaharisha, akatapika, woi, mtoto akakuwa mwepesi kama nguo. Alikufa na kiu, huyo. Alikuwa anarilia maji mpaka mwisho." Akajifuta jasho na ncha ya leso. "Lakini siku hizi Karolini iko pale chini, analinda watoto. Hakuna mtoto anakufa tena." Kisha akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Na wewe ni yeye kabisa. Angalia hii pua. Angalia hii kipaji ya uso. Ni kama amerudi."

Nilibeba mtungi wangu mpaka nyumbani huku nikijumlisha. Senge yangu Karolini aliuawa na maji. Alikufa na kiu. Sasa yuko chemchemi, amesimama juu ya nguzo amefungwa kufuli, na kila anayeteka maji lazima apitie kwake, naye hutema kidogo ndani ya mtungi. Kisha watu hurudi nyumbani na kumnywa. Jambo hilo lilinitisha, lakini nakiri halikunishangaza. Watu wazima wa kanisani kwetu walikuwa wakila mwili kila mara na kunywa damu, wakirudi kwenye viti vyao wakiwa wametulia kabisa.

Kuanzia siku hiyo masikio yangu yakawa makali. Nilisikia, "Usikunywe saa hii, wacha Karolini afanye kazi kwanza." Nilisikia, "Leo Karolini amekuwa mingi, namsikia mpaka kwa pua." Siku moja wanawake walikuwa wamesimama kando ya kisanduku, mikono viunoni, wakisema kwa sauti za chini kwamba Karolini ameisha. Waliteka maji wakaenda bila vicheko. Kesho yake akaja mwanamume kwa pikipiki, na mtungi mweupe umefungwa nyuma. Alivaa glavu. Akafungua kufuli, akainua kifuniko cha kichwa cha buluu, akamimina taratibu huku amegeuza uso pembeni na kufumba macho. Nikajua kwamba hata yeye anaogopa kumtazama. "Haya, Karolini amerudi," Mama Nekesa akatangaza, na wote wakapanga mitungi.

Mtu mmoja tu hakulitamka jina hilo. Kukhu alisema "dawa" au hakusema chochote. Akiwa chemchemi alizungusha koki upesi, bila kuinua macho, kisha akaondoka. Watoto hawakosi kuona kitu kama hicho. Nilikata shauri kwamba yeye peke yake anajua ukweli wote, na kwamba ukweli wote ni mbaya kuliko ule nilioujua.

Maji yakifika nyumbani, aliyamimina kwenye ndoo kubwa ya kifuniko katika chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, ili yapoe. Juu ya ndoo alitandaza kitambaa cheupe. Kisha alikaa kwenye kigoda kando yake, mikono mapajani, na kungoja nusu saa ambayo dawa huhitaji kufanya kazi. Hakuwa na saa. Alikuwa anaijua tu. Mimi nilitakiwa kukaa mlangoni na kunyamaza, na katika ukimya huo nilisikia ndoo ikilia kidogo, plastiki ikijinyoosha kwa baridi ya maji. Tik. Halafu muda mrefu hakuna kitu. Halafu tik. Nilihesabu hizo kuwa pumzi.

Alasiri moja Kukhu aliitwa nje, nikaingia. Nilitaka kumwona mara moja tu ili nijue ninaishi na nini. Nikainua kitambaa, nikafunua kifuniko, nikainama. Harufu ilinipiga machoni yakajaa machozi, na kupitia machozi hayo nikaona, chini ndani ya giza, msichana akinitazama. Alikuwa na pua yangu na kipaji cha uso cha Baba. Midomo yake ilikuwa wazi. Nilirudi nyuma nikaangusha kifuniko, na msichana akavunjikavunjika. Leo najua vizuri nilikuwa namtazama nani. Siku hiyo pia nilijua, kwa sababu Mama Nekesa alikuwa ameshaniambia tunafanana.

Lililonimaliza kabisa ni la jioni. Kabla ya mtu yeyote kunywa, Kukhu alichota kikombe cha kwanza kutoka kwenye ndoo akatoka nacho kupitia mlango wa nyuma. Nilidhani anamwagia kuku. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya migomba, nilimfuata. Alisimama juu ya kaburi dogo, akatazama njia kama kuna mtu, halafu akamimina maji polepole, upande wa kichwa. Kukhu alikuwa mama wa kanisa, wa kuvaa kitambaa cheupe na kukemea watu wa mambo ya kale, na hapo alikuwa amejificha nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Udongo ulikunywa. Sisemi ulilowa. Ulitoa sauti ndogo ya kufyonza, maji yakaingia mbio, na mahali pakabaki giza tu. Akanigundua.

"Namwagia maua," akasema.

"Hakuna maua."

Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Zitamea," akasema, akanipita akaingia ndani.

Tangu siku hiyo sikunywa tena maji ya nyumba ile. Chai nilikunywa, kwa sababu harufu ilikuwa imekwisha na nilijiambia kwamba moto humfukuza Karolini akarudi kwake. Uji nilikunywa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini maji matupu, yale ya kikombe, niliyabeba nje na kuyamwaga nyuma ya choo nikiomba msamaha kwa sauti ndogo. Kiu ikinishika nilishuka bondeni kwa kisingizio cha kuchota, nikapita chemchemi, nikapita kisanduku nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaenda chini zaidi kule maji yanapotawanyika kuwa kijito na ng'ombe huingia mpaka magotini. Hapo nilipiga magoti na kunywa kwa viganja. Maji yalikuwa na ladha ya majani na ya udongo, matamu. Hayakuwa na mtu ndani. Nilishiba nikafurahi, nikajiona nimewashinda watu wazima wote wa kijiji.

Ugonjwa ulinianza asubuhi, mvua ikinyesha. Sitaeleza yote, aliyewahi kuharisha na kutapika kwa pamoja anajua na asiyejua namwombea asijue. Kufikia katikati ya asubuhi nilikuwa siwezi kusimama. Kufikia mchana macho yalikuwa yameingia ndani, na Kukhu akinifinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama, haikurudi. Nilimwona akiifinya, akaiachia, akaifinya tena. Midomo yake ilikuwa imekauka kuliko yangu. Alikuwa ameshaiona ngozi ya namna hiyo.

Alikoroga sukari na chumvi kidogo kwenye maji ya ndoo, kama watu wa afya walivyowafunza, akaja na kikombe na kijiko. Harufu ikafika kabla yake. Nikafunga mdomo nikageukia ukuta.

Mama Nekesa alikuwa ameingia na gunia kichwani la kujikinga mvua. "Usimpe maji, mama," akasema. Alikuwa anamaanisha mema, nataka hilo lijulikane. "Ukimpa itatoka tu yote. Wacha kwanza tumbo ikauke, ndio umpe."

Kukhu hakugeuka. "Hiyo maneno mliniambia," akasema. "Siku ingine. Mliniambia nyinyi wote, mkiwa mmesimama hapo hapo."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mama Nekesa akalishusha gunia kichwani. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Wacha nitafute mtu wa pikipiki," akatoka bila gunia.

Kukhu akapiga magoti kando ya kitanda. Aliniita mayi, jina wanaloitia wasichana wadogo wanapowabembeleza. Alinibembeleza kwa Kiswahili, akanibembeleza kwa Lubukusu, lugha ya kwao, akanishika taya kwa nguvu, akaliachia, akaomba Mungu. Kijiko kiligonga meno yangu maji yakamwagika shingoni. Kichwa changu kilikuwa chepesi na chumba kilikuwa kinarudi nyuma pole pole, na sikuwa na hofu ya kufa kwa sababu sikujua ndiko ninakoelekea. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye kikombe.

"Mbona hutaki?" akaniuliza. "Mayi, mbona?"

"Sitaki kukunywa Karolini."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Umesema nini?"

"Ako kwa maji. Watu wote wanamkunywa." Nilikuwa nalia lakini machozi hayakutoka. "Na wewe unampelekea."

Hapo angeweza kunieleza. Angeweza kusema, mtoto, hiyo ni klorini, ni dawa ya kuua vijidudu, wale wameharibu jina. Nafikiri alijua. Nafikiri ndiyo sababu hakuwahi kulitamka, kwa sababu kila siku ya maisha yake alishuka bondeni na kusikia wanawake wakiliita jina la mtoto wake juu ya maji, na hakuwa na nguvu za kuwasahihisha wala za kuwajibu. Lakini hakunieleza. Aliweka kikombe sakafuni, akakaa chini, na akaanza kuzungumza akiwa ametazama mlango.

"Aliniomba maji," akasema. "Asubuhi aliniomba. Mchana akaniomba. Walisema nikimpa nitamuua, nikasikia wao. Kikombe ilikuwa hapo kando yake, nikaichukua nikaificha nyuma ya chungu. Akaniona." Akasogeza kikombe kidogo sakafuni. "Akaona penye nimeficha. Hakusema tena. Alikuwa anaangalia tu hiyo chungu."

Nilisahau kukaza mdomo. Nilikuwa namwona msichana yule wa ndani ya ndoo, midomo wazi, na kwa mara ya kwanza nilielewa alikuwa anataka nini. Hakutaka kunila. Alikuwa na kiu, basi, kiu tu kama mtoto yeyote, na aliyemnyima ndiye huyu aliyekuwa sakafuni mbele yangu na mikono yake mikubwa haijui pa kwenda. Nilimhurumia Karolini. Nilimhurumia Kukhu pia, na huruma ya pili ilinitisha kwa kuwa sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuhurumiwa na mtoto.

"Mimi sijui kama ako hapa," Kukhu akasema, akakiinua kikombe. "Lakini kama ni yeye, hawezi kukufanya mbaya. Yeye anajua vile kiu inauma kushinda watu wote. Kunywa, mayi. Kunywa na yeye."

Nikafungua mdomo. Maji yalikuwa ya chumvi, ya sukari, na nyuma ya hayo yote ile harufu, baridi na kali. Nilimeza. Nilitapika, naye akanifuta akanipa tena, kijiko, akangoja, kijiko, akangoja. Hakuniharakisha. Nilimeza nikiwa nimefumba macho, na kila kijiko kilichoshuka nilihisi kuna mtu mwingine ndani yangu anameza pamoja nami, kwa pupa kuliko mimi. Siku hizi mkulima akija dukani kwangu akaniambia ndama wake anaharisha na amemfungia maji ili tumbo likauke, sauti hunipanda hadi wateja wengine wananitazama. Hawajui ninamgombeza nani.

Mama Nekesa alirudi amelowa chapachapa na kijana wa pikipiki. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Waliniweka katikati, nikafungwa kwa leso kwenye tumbo la Kukhu, na Kukhu akapanda na chupa ya yale maji kwapani, yeye ambaye hakuwahi kupanda pikipiki na alikuwa akisema ni mnyama wa vijana. Njia nzima mpaka Sirisia, mvua ikitupiga, pikipiki ikiteleza huku na huku, alikuwa akimimina maji kwenye kifuniko cha chupa na kunitilia mdomoni. Kijana alisimama mara kadhaa akimwambia ashike vizuri, ataanguka. Alishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuacha kazi.

Kwenye kituo cha afya nesi alinilaza juu ya kitanda chenye godoro la mpira, akanifinya tumbo, akanitazama ulimi, akanichoma sindano ya kuunganisha na chupa iliyoning'inia. Alikuwa msichana mdogo, mwenye viatu vyeupe vilivyotapakaa matope. Alisema ningecheleweshwa kidogo tu bila maji, tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akaichukua ile chupa ya Kukhu, iliyokuwa imebaki tone, akainusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na umeitia dawa," akasema. "Kukhu, wengi wanaleta watoto hapa wakiwa wamewanyima maji. Wewe nani alikufunza kumpa hivi, njia yote?"

Kukhu alikuwa amesimama ukutani, maji ya mvua yakimchuruzika kutoka kwenye nguo hadi sakafuni. Alimtazama nesi kwa muda mrefu, kama kawaida yake.

"Ni msichana yangu," akasema. "Karolini."

"Basi mwambie amefanya kazi mzuri sana."

"Nitamwambia," Kukhu akasema.